Watu 14 mezani Kamalondo, Jumamosi jioni

Dada, umeuliza namna ya kuwapeleka watu 14 kwenye mgahawa unaosifiwa pale Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi huko Kongo, bila kungoja kwa muda wa saa mbili wala kugombana juu ya malipo. Kinachochelewesha ni jiko la makaa. Samaki mzima anataka karibu nusu saa juu ya moto, na wavu mmoja haubebi samaki 14 kwa mara moja. Kila mtu akiagiza chake, wa mwisho atakula wakati wa kwanza ananawa mikono.

Pita mwenyewe Alhamisi, uongee na mama wa jikoni, si mhudumu tu. Agiza vitu viwili: michopo ya mbuzi, yaani nyama ya kuchoma, kilo 5 (kuna mifupa, usipunguze) na samaki 5 wakubwa wa kugawana. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) vitoke pamoja. Bukari, yaani ugali, iletwe mara mbili: vibonge 14 kwanza, 6 baadaye, kwa sababu ikipoa inakauka juu na hakuna anayeigusa tena. Toa malipo ya kwanza, nusu inatosha, uombe karatasi yenye bei.

Pesa za chakula zikusanywe kabla ya Jumamosi. Vinywaji kila mtu ajilipie. Chupa tupu zisiondolewe mezani mpaka zihesabiwe. Dola zikaguliwe moja moja: noti yenye mpasuko, hata mdogo pembeni, itakataliwa. Na uliza mapema wanahesabu dola moja kwa franga ngapi za Kongo.