Stata inalia "tak" halafu kimya: pima solenoidi kabla hujanunua stata

Ndugu wa Kakamega, umesema Probox yako ukizungusha ufunguo inalia "tak" moja tu, betri ni mpya, na fundi ameshakwambia utafute stata (mota ya kuwashia injini) nyingine. Ngoja kwanza. Mimi yalinikuta Kiboswa, Jumapili alfajiri, nyanya za soko la Kibuye ziko nyuma. Fundi alipima koili (waya uliosokotwa) ya solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, kwa omu, yaani ukinzani wa waya; ikasoma vizuri, akasema solenoidi nzima, mota ndiyo imekufa. Nikanunua stata ya mitumba. Wiki ya tatu, "tak" ileile.

Koili ilikuwa nzima kweli. Lakini solenoidi ina kazi mbili: inasukuma kijigia kishike flaiwili (gurudumu zito la injini), na inaunganisha umeme mkubwa wa betri na mota. Kazi hii ya pili hufanywa na vipande vya shaba, ndivyo huungua, na omu za koili hazikwambii lolote kuvihusu.

Mara ya pili nilipima mwenyewe, stata ikiwa kwenye gari. Vuta hendibreki, gia iwe huru, mtu akushikie ufunguo (mimi nilimweka mpwa wangu). Multimita iwe kwenye volti, DC 20. Anza na waya mdogo wa kutoka kwenye ufunguo: nyekundu hapo, nyeusi kwenye bodi ya stata. Ufunguo ukizungushwa upate volti 10 kwenda juu. Ukipata 7 au 8, kagua betri ikiwa kazini, kisha relei na swichi ya ufunguo, stata iache.

Kisha weka ncha mbili kwenye bolti kubwa mbili za solenoidi. Kabla ya kuwasha utasoma kama 12. Inapolia "tak", namba ishuke karibu na sifuri, isizidi 0.5. Yangu ilibaki 12 kama haijasikia kitu. Hiyo ni shaba imeliwa. Ikishuka na mota bado haizunguki, ndipo ushuku brashi za kaboni, au waya mnene wa betri na athi yake (waya wa hasi kwenda bodi). Angalia tu spana isiguse bolti ya betri na bodi kwa pamoja, utaona radi.

Nilitoa hasi ya betri, nikafungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi: shaba moja imelika hadi karibu na kichwa cha bolti. Stata nyingi za Denso unabadilisha shaba hizo peke yake.

Jirani yako uliyemtaja, anayeshuku solenoidi za giaboksi yake otomatiki, ni habari nyingine. Huko omu zinasaidia: solenoidi za kubadilisha gia za Toyota nyingi husoma 11 hadi 15 zikiwa baridi. Apime tena giaboksi ikiwa moto, maana koili iliyokatika ndani wakati mwingine huachana ikipata joto tu.

Stata yako usimwachie mtu. Yangu ya kwanza nilimwachia yule fundi kama chuma chakavu, na mpaka leo naamini ilikuwa na shida hii hii.