Kwa wanaoanza ukaguzi wa nyumba Texas

Wadogo zangu mlioko Dallas, Houston na kwingineko Texas, mnaniuliza sana mnunue ngazi gani, tochi gani, kamera gani ya joto. Hivyo mtavipata. Kitu cha kukaa nacho chini kwanza ni viwango vya utendaji vya TREC, tume ya jimbo inayowapa leseni madalali wa nyumba na wakaguzi. Msivikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mvijue kiasi cha kumweleza mnunuzi papo hapo, akiwa amesimama kando yako jikoni.

Wengi huvisoma wakitafuta orodha ya vitu vya kukagua. Someni pia sehemu zinazoeleza usichowajibika kufanya, kwa sababu ripoti nzuri inasema ukweli kuhusu ulichokiona na usichokiona. Fomu ya TREC ina visanduku vinne kwa kila kipengele: I, kimekaguliwa, NI, hakikukaguliwa, NP, hakipo, D, kina kasoro. Anayeanza huikwepa NI, akihofia mteja ataona hakufanya kazi aliyolipwa. Hofu hiyo ndiyo inayoleta kesi.

Chukua nafasi iliyo juu ya dari. Hulazimiki kuingia kama tundu lake ni dogo kuliko inchi 22 kwa 30, au kimo cha ndani hakifiki inchi 30. Uvungu wa nyumba nao una vipimo vyake: kimo kisipofika inchi 18, hulazimiki kutambaa humo. Lakini kutoingia hakukuruhusu kunyamaza. Ukiandika "dari haikukaguliwa kikamilifu", mteja hajapata kitu. Andika hivi: "Nimetazama kwa tochi kutoka kwenye tundu, upande wa nyuma haukuonekana kwa sababu mifereji ya hewa ya kiyoyozi imeziba njia." Hapo anajua ni kona ipi ya nyumba anayoinunua bila kuijua.

Ukikuta gesi imefungwa, usiifungue wewe wala usiwashe kiberiti kwenye hita. Mpigie mteja siku hiyo hiyo, kisha uandike sababu kwenye ripoti. Mnunuzi wa Texas kwa kawaida amelipia siku chache tu za kujitoa kwenye mkataba bila kueleza kwa nini. Akijua mapema, muuzaji anaweza kufunguliwa gesi nawe ukarudi. Akija kujua siku hizo zimekwisha, hana pa kushika.

Sasa D, maana hapa ndipo mtakapobishana na watu. Kasoro ni hali inayoathiri kwa kiasi kikubwa utendaji wa kitu, au inayohatarisha maisha, viungo au mali. Umri wa nyumba hauingii hapo. Muuzaji atakwambia, "Nyumba hii ni ya 1962, sheria hizo hazikuwepo." Huenda ni kweli, na ripoti yako haimlazimishi kurekebisha chochote. Hata hivyo soketi za bafuni zisizo na kinga ya kukata umeme unapovuja unazitia D. Chumba cha kulala kisicho na dirisha la kutorokea moto, D. Kwenye baraza ya ghorofani pima nafasi kati ya nondo za uzio: kitu chenye kipenyo kinachozidi inchi 4 kikipita, mtoto mdogo naye yumo hatarini, na mtoto huyo hajui nyumba ilijengwa mwaka gani. Nawasihi msilegeze hapo, hata dalali akinuna.

Presha ya maji ni kazi ya dakika moja: funga geji kwenye bomba la nje, soma, andika namba. Ikizidi psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba), ni kasoro.

Msingi unataka utulivu zaidi. Udongo wa mfinyanzi wa maeneo mengi ya Texas huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, na nyumba hutembea nao. Viwango vinakutaka utoe maoni yako kwa maandishi kuhusu jinsi msingi unavyofanya kazi. "Nyufa zimeonekana" si maoni. Taja ufa wa mshazari kwenye pembe ya dirisha, mlango unaogoma kufunga, sakafu iliyoinama, kisha useme unahitimisha nini kutokana na hayo.

Wengi wetu tulikuwa mafundi kabla ya leseni, na ndugu wa kanisani au msikitini atakuomba umrekebishie ulichokikuta. Mkatalie kwa upole. Nyumba uliyoikagua kwa ajili ya mauziano huruhusiwi kuifanyia matengenezo ya vitu hivyo hadi miezi 12 ipite. Dalali naye akitaka kitu kidogo ili jina lako liwe kwenye orodha yake ya wakaguzi, huruhusiwi kumpa.

Ripoti itakuwa ya Kiingereza, ila mteja wetu atataka umweleze kwa Kiswahili. Mweleze kwa uzito ule ule ulioandika, usimpoze kwa simu kwa "hapana shida, ndugu yangu". Na akiuliza kuhusu mchwa, mwambie siku ile ile anapokupa kazi kwamba ukaguzi wa mchwa unahitaji leseni nyingine, ya idara ya kilimo ya jimbo, ili amtafute mwenye nayo siku zake za kujitoa hazijaisha.