Shangazi, mbwa wetu wawili wamenigombanisha na mume wangu

Shikamoo shangazi,

Mwaka jana wezi waliruka ukuta wakabeba televisheni na mtungi wa gesi, ndipo mume wangu akaleta watoto wawili wa mbwa, madume, ndugu wa tumbo moja. Tukawaita Tomi na Jimi. Sasa wana miezi 11 na nyumba haikaliki. Nguo wanazichomoa kwenye kamba, bustani ya mchicha imebaki mashimo, na nikiita "Tomijimi!" wananitazama kisha wanaendelea na yao. Mume wangu akiwachapa wanatulia nusu saa. Wiki iliyopita geti lilibaki wazi, wakamrukia mzee wa jirani aliyekuwa anakwenda kuswali alfajiri, kanzu yote matope na mate. Mume wangu ameapa: mwisho wa mwezi wafungwe minyororo usiku na mchana, au wauzwe. Mimi nimewalea kwa maziwa, roho inaniuma. Nikiwatetea naambiwa nawapenda mbwa kuliko yeye. Nifanyeje?

Mama Wawili, Morogoro

Marahaba mwanangu.

Hilo neno moja, "Tomijimi", ndilo lililonieleza karibu kila kitu. Mna mbwa wawili, lakini sidhani kama kuna siku mmoja wao aliitwa peke yake. Yaliyobaki naweza kuyabahatisha: wanakula sufuria moja, wanalala banda moja, wanafunguliwa pamoja, wanachapwa pamoja. Ndugu wa tumbo moja wakilelewa hivyo hushikamana wao kwa wao, na binadamu anabaki kuwa mtu wa kuleta ugali tu. Si ukaidi. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake, kwa sababu mwenzake ndiye anayemjua.

Nyumbani kwa baba yangu, nikiwa msichana, tulikuwa na mbwa dada wawili wa namna hiyo. Mmoja alipokufa kwa ugonjwa wa kupe, aliyebaki alilala mbele ya banda siku tatu, chakula hakigusi. Mama alichuchumaa akamshika kichwa, akawa anamwita jina lake polepole, tena na tena. Hakugeuza hata sikio. Jina lile hakuwahi kulisikia bila la mwenzake. Siku hizo sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kuwafanya wawe wawili. Badilisheni jina la mmoja, kwa maana Tomi na Jimi yanaishia sauti ileile. Mwiteni Simba, au lolote lisilofanana. Mbwa hulizoea jina jipya upesi, mradi kila akiliitikia apate kitu kitamu. Kila mmoja awe na bakuli lake. Bandani wekeni ukuta wa mbao katikati. Na matembezi yawe mbalimbali, mmoja asubuhi mapema kabla lami haijapata moto, mwingine jioni, nusu saa kila mmoja, kwa kamba, naye aachwe anuse anavyotaka. Kunusa kunamchosha mbwa kuliko unavyodhani. Mbwa wa umri huo ni kijana aliyejaa nguvu. Asipopewa kazi atajitafutia, na kazi iliyo karibu ni kamba yako ya nguo.

Sasa somo lenyewe. Mpeleke mmoja nyuma ya nyumba, mwingine abaki bandani na mfupa. Atalia, usirudi kwa sababu analia. Shika dagaa mkavu kati ya vidole viwili, mwache anuse, kisha upandishe mkono taratibu kutoka puani kwake kuelekea nyuma ya kichwa. Pua itamfuata dagaa juu, na makalio yatashuka yenyewe. Yanapogusa udongo tu, sema "Hewaa!" na umpe. Usimkandamize mgongo. Akishashuka hivyo mara kadhaa, ndipo uongeze neno "kaa" kabla ya kupandisha mkono. Dakika tano zinatosha, mfungie, mtoe mwenzake. Baada ya siku chache utamwona anakuja mbio na kukaa kabla hujainua kitu, anakutazama usoni, mkia unafagia vumbi. Huo mtazamo ndio mlioukosa miezi yote 11.

Neno la amri liwe moja kwa nyumba nzima. Haiwezekani baba aamuru kwa Kiingereza, wewe kwa Kiswahili na dada wa kazi kwa Kiluguru, halafu mbwa alaumiwe. Akikurukia, mgeuzie mgongo, kimya, mikono kifuani. Kumpigia kelele au kumsukuma kwake ni mchezo. Miguu minne ikirudi chini ndipo umsalimie.

Cha kutafuna wapeni mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe. Mifupa ya kuku iliyopikwa msiwape, huvunjika vipande vikali. Na magunzi ya mahindi yaondoeni kabisa uani, gunzi likimezwa linaweza kuziba utumbo wa mbwa na kumuua.

Kuhusu fimbo, msomee mumeo hapa. Mbwa akiitwa akaja, kisha akachapwa kwa shuka alilochana asubuhi, hajui habari ya shuka. Anachojua ni kwamba aliitwa, akaja, akaumia. Kesho haji. Hapo hapo mjini kwenu, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Hawachapwi. Wanafundishwa kwa mlio mfupi unaofuatwa na chakula, basi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Ikiwa panya wa Morogoro amefika huko bila fimbo, mbwa wenu atashindwa kukaa chini?

Minyororo nakataa. Mbwa anayefungwa usiku na mchana huzidi woga na ukali, na mbwa mwenye woga huweza kumuuma hata mtoto wa nyumbani. Tena hamlindi mtu: mwizi akishapima urefu wa mnyororo, anapita pembeni.

Kwa mzee wa jirani sitakupunguzia, mwanangu. Kwa Muislamu wa madhehebu ya Shafi, na Waislamu wengi wa nchi yetu ni wa madhehebu hayo, mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hakuchafuliwa nguo tu, alikatiwa njia ya ibada. Nendeni wewe na mumeo, naye mumeo ndiye aanze kuongea. Mkiweza, mpelekeeni kanzu mpya. Getini wekeni springi lijifunge lenyewe, na kabla ya adhana ya alfajiri mbwa wawe wamerudi bandani. Wa zamu ya matembezi atoke baada ya watu kurudi kutoka msikitini.

Mwulizeni pia kama jino au ukucha uligusa ngozi yake. Kama uligusa, aende hospitali leo hii, msingoje, mkamsindikize. Jeraha la mbwa huoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu akachomwe chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakitibiki. Kama Tomi na Jimi hawajachanjwa, wiki hii wapelekwe kwa daktari wa mifugo, na mumwulize habari ya kuwahasi.

Nimemweka mumeo mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenigusa zaidi. Aliwaleta mbwa hawa baada ya kuibiwa, ili mlale usingizi. Leo mbwa walewale wamemwaibisha mbele ya mzee anayemheshimu, na kila akisema neno anakukuta umesimama upande wao. Usiwatetee tena mbele yake. Mwambie umeona kosa lenu wote wawili, umwombe miezi miwili, na umkabidhi mbwa mmoja awe wake: amlishe yeye, amtembeze yeye, amfundishe kukaa yeye. Wewe mchukue mwingine. Kila baada ya wiki mbili mbadilishane.

Miezi miwili ikipita na hali ni ileile, mtafutieni mmoja nyumba nzuri, mbaki na mmoja. Utalia, lakini hutakuwa umemtupa. Ndugu wa tumbo moja wakati mwingine hutulia wakitenganishwa. Kuwauza wote wawili kwa hasira, hapana.

Mumeo mpe yule anayemkimbilia wa kwanza getini akirudi kazini.