Maswali yenu ya afya: hamu ya udongo, moyo kwenda mbio na magoti yanayouma

SWALI: Nina miaka 27, nauza mitumba Mbagala. Siku hizi nikipanda ngazi nahema, kichwa kinazunguka, na nimejikuta napenda kutafuna ule udongo unaouzwa sokoni. Dada ananitengenezea juisi ya rozela kila asubuhi ili damu iongezeke. Inatosha?

JIBU: Hapana, mdogo wangu, haitoshi. Na hiyo hamu ya udongo usiione aibu, kwa sababu ndiyo inayonifanya nikuhimize upesi. Hamu ya kutafuna udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha. Nenda zahanati wiki hii upime wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi kwa kila desilita ya damu, mjamzito 11. Mweleze mhudumu kama hedhi yako ni nzito, na uombe kipimo cha choo, maana minyoo ya safura hunyonya damu kidogo kidogo bila mtu kujua.

Rozela ni kinywaji kizuri, lakini wekundu wake haugeuki damu. Angalia zaidi sahani yako na kikombe chako. Dagaa, maini, nyama, maharage, choroko na mchicha vyote vina chuma. Chuma cha samaki na nyama hufyonzwa kwa urahisi. Cha maharage na mboga kinahitaji msaada, na msaada huo ni ndimu, chungwa, embe au pera pamoja na chakula. Adui wake ni chai. Ukishushia wali maharage kwa chai ya rangi, sehemu kubwa ya chuma inapita bila kufyonzwa. Chai inywe saa moja au mbili baada ya kula. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, choo kitakuwa cheusi. Usiogope wala usiviache. Na udongo acha, kwa sababu unaweza kukuletea mayai ya minyoo na kuzuia hicho chuma kidogo unachokipata.

SWALI: Nikilala tu moyo unaanza kwenda mbio, mikono inatoka jasho, nahisi nakufa. Nimepimwa moyo mara mbili, naambiwa mzima. Mama anasema nimerogwa. Nina miaka 24, natafuta kazi.

JIBU: Kaka, ninakuamini. Unachokihisi ni cha kweli hata kama mashine haikukiona. Hofu ikizidi, mwili humwaga homoni zile zile ambazo zingekusaidia kukimbia hatari. Moyo unadunda, pumzi inakatika, vidole vinafa ganzi. Kilele chake kwa kawaida hufika ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka. Jua hilo kabla shambulio la hofu halijaja, maana kuogopa dalili zenyewe ndiko kunakozichochea.

Likianza, kaa kitako. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita, uendelee kwa dakika tano. Mchana tembea kwa miguu kila siku. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu acha kabisa kwa sasa: kahawa ya saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Uliza pia kama walipima damu na homoni za tezi ya shingoni, kwa kuwa hizo nazo huusukuma moyo. Kama hali hii inakunyima usingizi au unakwepa watu, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kwenda kwake si ukichaa. Anatibu hofu, na hofu inatibika. Mama mwelekeze kwa upole, aandamane nawe. Ukifikia kuwaza kujiua, usingoje miadi: mwambie mtu leo na uende hospitali.

SWALI: Ni kweli ugali wa usiku unanenepesha?

JIBU: Saa si tatizo, kiasi ndicho. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ugali, robo samaki au maharage. Soda ya kushushia ndiyo ningeiondoa kwanza.

SWALI: Mama yangu ana miaka 63, magoti yanamuuma, ana presha. Gym hataki. Afanye zoezi gani nyumbani?

JIBU: Muwekee kiti kigumu kilichoegemea ukuta. Asimame na kukaa taratibu mara nane, apumzike, arudie. Kisha akiwa amekaa anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, abadilishe. Misuli ya mapaja ikipata nguvu, goti linapunguziwa mzigo. Ahesabu kwa sauti ili asibane pumzi, kwani kubana pumzi hupandisha presha. Afanye mara mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine atembee dakika kumi kumi, akiongeza hadi wiki ifikie dakika 150. Maumivu kidogo yanayoisha jioni si kitu. Goti likivimba na kupata joto, asimamishe akaonwe. Akibanwa kifua au maumivu yakienda mkononi na tayani, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.