Kama Mungu ni mmoja, damu ya Waamaleki tumuulize nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nafundisha sande skuli hapa Masasi, jumapili tulisoma Samweli wa Kwanza 15, pale Mungu anamtuma mfalme Sauli wa Israeli akawapige Waamaleki, taifa adui yao, asibakize mtu, wanawake, watoto, mpaka ng'ombe na punda. Mtoto mmoja wa darasa la nne akauliza, "hata anayenyonya?" Nikakosa jibu nikaanzisha wimbo. Jirani yangu anasema ukatili huo umeletwa na imani ya Mungu mmoja, zamani wenye miungu mingi waliishi kwa amani. Ni kweli? (Mama wawili, Masasi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtoto usimzime tena kwa wimbo, kauliza swali zito kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia.

Jirani yako amekosea. Mwaka 1868 huko Dhiban, nchi ya Jordan ya leo, lilionekana jiwe lenye maandishi ya Mesha mfalme wa Moabu, jirani wa Israeli, yule yule wa Wafalme wa Pili 3, na Moabu hawakuwa watu wa Mungu mmoja. Mesha anajisifu humo kwamba mungu wake Kemoshi alimwambia nenda kauchukue mji wa Nebo kwa Israeli, akaenda usiku akaua watu 7,000, wanaume kwa wanawake, akawaweka wakfu kwa mungu, na neno alilotumia ndo lile lile la Kiebrania la habari ya Sauli na ya Yeriko, herem, yaani kumtolea mungu kitu kwa kukiangamiza. Yaani hiyo ilikuwa lugha ya vita ya eneo zima.

Sasa Mungu mmoja alibadilisha nini? Alibadilisha wa kuulizwa. Huku kwetu ukienda msibani, iwe Newala iwe Nachingwea, mtoto akifa ghafla utasikia watu wananong'ona kuna mkono wa mtu, maana mkono wa mtu unabebeka kuliko kusema Mungu ndo kafanya. Wababeli nao walikuwa na pa kusukumia, kwenye hadithi yao ya gharika mungu Enlili anataka kuua watu kwa sababu wanampigia kelele, mungu mwingine, Enki, anamtonya mtu mmoja ajenge chombo, wakati kwenye Mwanzo anayeangamiza na anayemwokoa Nuhu ni huyo huyo. Isaya 45:7 inasema wazi kabisa, nuru na giza, amani na ubaya, vyote vyake. Na uzito huo uliwaelemea wenyewe, angalia Samweli wa Pili 24, hasira ya Bwana ndo inamchochea mfalme Daudi awahesabu watu wake, kisha kwa adhabu wanakufa 70,000, halafu Mambo ya Nyakati wa Kwanza 21, kitabu kilichoandikwa baadae, habari ile ile mchochezi kawa Shetani!

Kingine, Samweli wa Kwanza 15 inasema watu wote waliangamizwa akabaki mfalme tu, lakini sura ya 30 Waamaleki hao hao wanachoma Siklagi, mji aliokaa Daudi, na Daudi akiwapiga vijana 400 wanakimbia na ngamia. Kwahiyo "wote" ya vitabu vya vita usiisome kama daftari la sensa. Lakini hilo halimtoshi mtoto wako, na mimi halinitoshi, maana amri bado imeandikwa.

Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, hawakuikwepa. Kwenye Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho yao, kitabu cha Yoma, wanasema Sauli mwenyewe alipopewa amri alihoji, kama wakubwa wamekosa, wadogo wamekosa nini? Sauti ikatoka mbinguni ikamwambia usizidishe haki. Basi. Hawakumwandikia jibu lingine, na swali la Sauli hawakulifuta.

Jumapili hii mwite huyo mtoto, mwambie swali lake marabi waliliweka kinywani mwa mfalme zamani sana, kisha fungueni Mwanzo 18 msome Ibrahimu anavyombembeleza Mungu juu ya Sodoma kutoka watu 50 mpaka 10. Akikubana bado, mwambie mwalimu naye linamuuma. Mi mwenyewe siwezi kusimama mbele ya mtoto nikamwambia kuua anayenyonya ilikuwa sawa, na wewe usiseme.