Jibu: Mahindi kutoa mikanda myeupe, Urambo

Ndugu yangu, pole. Umesema mahindi yako umeyapandia DAP (mbolea yenye fosforasi nyingi), ukakuzia urea, na bado majani machanga yana mikanda myeupe. Hapo nashuku upungufu wa zinki, kirutubisho ambacho mmea huhitaji kwa kiasi kidogo. Angalia jani kwa karibu: mkanda mpana uliopauka kila upande wa mshipa wa kati, ukianzia karibu na shina, na pingili fupi. Ukiona michirizi myembamba iliyokatika-katika jani zima, huo ni ugonjwa wa milia unaoenezwa na wadudu wafyonzao, na zinki haitasaidia kitu.

Udongo wetu wa kichanga hapa Tabora una mboji kidogo, na fosforasi, kama ile ya DAP, ikizidi huzuia mmea kupata zinki. Kwa sasa nyunyizia zinki salfeti yenye zinki asilimia 21 (soma mfuko!), gramu 100 kwa bomba la lita 20, jioni jua likipoa. Jaribu mistari michache kwanza uone kama majani hayaungui. Rudia baada ya wiki mbili.

Msimu ujao, tafadhali sana, mwone afisa ugani udongo upimwe kabla hujanunua mbolea. Zinki ikionekana pungufu, weka kama kilo 10 za salfeti hiyo kwa ekari wakati wa kupanda, pamoja na samadi iliyoiva.