Mlango wa umeme unaofika karibu na mwisho na kurudi nyuma: usukume kwa mkono kabla ya kununua mota

Ndugu yangu wa Likasi, umeeleza kwamba mlango wa kuteleza wa gari lako, ambalo umeligeuza kuwa chumba cha kulala safarini, hufunguka vizuri kwa kitufe, lakini ukiufunga hufika karibu na mwisho, hulia mara kadhaa, kisha hurudi nyuma. Kwamba gari likiwa tupu mlango hutii, na ukishapakia mizigo hukataa. Na kwamba fundi amekushauri ununue mota ya mtumba. Jambo hilihili lilinipata hapa Lubumbashi mwaka jana. Mimi niliinunua mota hiyo kwa dola 160, fundi akaifunga, na jioni ileile mlango ukarudi nyuma kama ulivyokuwa ukifanya tangu mwanzo. Kwa hiyo nakuomba usitoe hata faranga moja mpaka umefanya jaribio lifuatalo, ambalo halihitaji kifaa chochote isipokuwa kipande cha chaki.

Simamisha gari mahali tambarare, kwa kuwa kwenye mteremko uzito wa mlango wenyewe utakudanganya. Zima swichi kuu ya mlango wa umeme iliyo karibu na usukani, kisha usukume mlango kwa mkono mmoja, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Swichi hiyo ikizimwa, mota huuachia mlango, nao hubaki mlango wa kawaida ambao unapaswa kuteleza kwa wepesi uleule njia nzima. Mahali utakapousikia ukiwa mzito, hata kidogo, weka alama ya chaki kwenye bodi. Baada ya hapo washa swichi, ufunge mlango kwa kitufe, na uangalie unageukia wapi. Ukigeukia kwenye alama yako au karibu nayo, basi mota haina kosa. Kwangu mimi tofauti haikuzidi upana wa kidole.

Sababu yake ni kwamba kompyuta ndogo inayoongoza mlango haina macho. Hupima mwendo wa mlango kwa kuhesabu mizunguko ya mota, na mwendo huo unapopungua ghafla huhesabu kwamba mtu amebanwa, ikaamuru mlango urudi. Kwa kompyuta hiyo, mchanga ulioganda kwenye reli na mkono wa mtoto ni kitu kimoja. Ndiyo maana mota mpya haikubadilisha chochote kwangu: ilikutana na uzito uleule, nayo ikaamriwa kurudi vilevile. Kuna mtu aliyenishauri niikate kinga hiyo ili mlango ufunge kwa nguvu, nikakataa, na wewe ukishauriwa hivyo ukatae pia. Magari haya ya Kijapani yametengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto, na lenye mlango mmoja wa kuteleza huwa nao upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo mlango hufungukia upande wa barabara yenye magari. Watoto huingia hapo kwa haraka, wakivutana, na kidole kimoja kinatosha.

Sasa uzito huo hutoka wapi? Mahali pa kwanza ni reli. Mlango wa aina hii hutembea juu ya rola katika reli tatu: ya juu, ya chini iliyo chini ya kikanyagio, na ya katikati iliyo nje ya bodi nyuma ya mlango. Ukitoka lami na kushika njia za udongo za kuelekea Kundelungu wakati wa kiangazi, vumbi jekundu hujaa katika zote tatu, na kama mtu alizipaka grisi nzito, vumbi na grisi huwa kitu kama udongo wa kufinyangia. Mimi nilitumia mswaki wa zamani, kitambaa na maji ya sabuni, nikakausha vizuri, kisha nikapuliza mafuta mepesi ya silikoni kidogo sana. Grisi sikurudisha ndani ya reli. Katika reli ya chini nilikuta kijiwe kilichokuwa kimejibana kwenye kona, pale mlango unapoanza kuingia ndani, na kukitoa kulipunguza nusu ya tatizo.

Nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa sababu inafanana mno na habari yako ya gari tupu na gari lililopakiwa. Katika gari langu mota na ngoma yake, yaani gurudumu linalokunja waya wa chuma unaovuta mlango, vimekaa ndani ya ukuta wa nyuma, nyuma ya mlango, na waya huo hupita ndani ya ganda la plastiki hadi kwenye reli ya katikati. Seremala aliyenitengenezea kabati la vyombo alilifunga kwenye ukuta huohuo. Skurubu mbili zilikuwa ndefu kuliko zilivyohitajika, na ncha zake zilikaribia ganda la waya. Kabati likiwa tupu hazikuligusa. Nikishaweka ndani yake madumu mawili ya maji ya lita 20, kabati liliusukuma ukuta, ncha zikalikandamiza ganda, na waya ukawa mzito. Nililigundua hilo siku niliyorudia jaribio la chaki mara mbili, kwanza kabati likiwa tupu na baadaye likiwa limejaa: alama mpya ilitokea mahali ambapo awali hapakuwa na kitu. Seremala hakuwa na nia mbaya, wala hakuna aliyemwonyesha kilichomo nyuma ya ukuta ule. Kosa ni langu, kwa kuwa nilipaswa kuufungua kwanza na kumwonyesha.

Ukitaka kuufungua ukuta huo, ondoa kwanza waya wa hasi wa batri na usiweke vidole kwenye ngoma, maana waya wa chuma umevutwa kwa nguvu. Ukishamaliza na kuirudisha batri, funga mlango kabisa kwa mkono kabla ya kugusa kitufe, ili kompyuta ianze kuhesabu upya ikijua mwisho uko wapi.

Ikiwa mlango ni mwepesi kwa mkono njia nzima, gari likiwa tupu na likiwa na mizigo, hapo ndipo utafute upande wa umeme. Batri nzima iliyopumzika hupima karibu volti 12.6, na injini ikiwaka utasoma kati ya 13.5 na 14.5. Mlango unaofanya kazi injini ikiwaka tu unalalamikia batri au nyaya zake. Wengi wetu umeme unapokatika nyumbani huchaji simu na kuwasha taa kwa batri ya gari, na asubuhi tunashangaa mlango umekuwa mvivu. Angalia pia mpira mwembamba ulio kwenye ukingo wa mbele wa mlango. Katika magari mengi ndani yake mna kihisio cha kubanwa, na ukichanika mlango hufunguka lakini hukataa kufunga tangu mwanzo, si mahali pamoja tu. Nyaya zinazoingia mlangoni hujikunja kila mlango unapotembea, na huweza kukatika ndani huku ganda lake likionekana zima. Zivute moja moja kwa upole, na inayorefuka kama mpira ndiyo iliyokatika.

Mlango ukifika mwisho lakini usivutwe ndani ile sentimita ya mwisho, hilo ni jambo la komeo, nalo halihusiani na haya yote. Na kama tangi lako la mafuta liko upande wa mlango huo, hakikisha kifuniko chake kimefungwa, kwa sababu katika baadhi ya magari kikiwa wazi huzuia mlango kwa makusudi.

Mimi nilibadilisha skurubu zile kwa fupi zaidi, nikaweka kipande cha ubao kati ya kabati na ukuta, kisha nikairudisha mota ya zamani, nayo ndiyo inayofanya kazi hadi leo. Ya dola 160 muuzaji hakuipokea tena. Fanya jaribio la chaki mara mbili, gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa, kisha uniandikie umbali kati ya alama hizo na kilichofungwa ukutani upande ule. Nikijua hayo nitaweza kukuambia ufungue wapi kwanza.